Ukitoka Amu Kwenda Kinshasa

Barazani Mkunguni, hapa Amu (Lamu), Kongo husemwa kama mtaa wa pili. "Si jumuiya moja nasi? Si Kiswahili wanasema?" Ni kweli. Kongo ya Kinshasa iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Septemba 2023 mwenye pasi ya Kenya haombi viza ya kwenda huko. Kiswahili nacho ni moja ya lugha nne za taifa lake. Lakini mtu wa Amu akishuka Kinshasa na imani hiyo peke yake, usiku wa kwanza utamkuta na noti za dola ambazo hakuna anayezitaka, anasemeshwa Kilingala, na chaja yake haiingii ukutani.

Karibu kila kinachomkwamisha msafiri Kinshasa kina dawa yake huku kwetu, na kule dawa hiyo haipatikani. Noti iliyochanika haibadiliki kuwa nzima ukiwa Gombe, mtaa wa ofisi na balozi. Chanjo iliyochomwa juzi haiongezewi siku uwanja wa ndege. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kazi za kufanya kabla hujapanda boti ya kwenda Manda.

Tuelewane nchi kwanza. Kongo ni mbili, na miji yao mikuu inatazamana, Kinshasa upande mmoja wa mto na Brazzaville upande wa pili. Ukisimama Kinshasa unaiona Brazzaville kwa macho, kama unavyoiona Manda ukiwa gatini, ila mto ule ni mpana zaidi. Boti za kasi huvuka kutoka bandari inayoitwa Beach Ngobila. Wengi huona ni matembezi ya mchana. Kumbe umetoka nchi moja umeingia nyingine, yenye masharti yake ya kuingia na faranga yake ya CFA, na kurudi ni kuanza upya na wahamiaji. Hapa tunaisemea Kinshasa, na Lubumbashi kwa kupitia.

Mashariki, usiende kutembea. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Watu wa pwani huvutwa huko kwa sababu ndiko Kiswahili kilipo na ndiko milima na sokwe walipo. Vitasubiri.

Karatasi

Pasi iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Viza imeondolewa, maswali hayakuondolewa. Afisa wa DGM, ndiyo idara yao ya uhamiaji, atauliza unafikia wapi, nani mwenyeji wako, na unarudi lini. Jibu liwe kwenye karatasi iliyochapishwa, kwa Kifaransa: jina la hoteli au la mwenyeji, mtaa, komyuni (Kinshasa imegawanywa komyuni 24, na anwani bila komyuni haimfikishi mtu), nambari ya simu ya Kongo inayoanza na +243, na tiketi ya kurudi. Simu ikizima chaji, karatasi haizimi. Kabla ya kulipia tiketi, piga ubalozi wao Nairobi uulize kama masharti ni yale yale. Kongo hubadilisha mambo kwa waraka wa siku moja. Ukigongewa muhuri, usiondoke dirishani kabla hujasoma tarehe na idadi ya siku ulizopewa.

Piga nakala 6 za ukurasa wa pasi wenye picha, kwa rangi, na 3 za kadi ya chanjo. Nakala ndizo zinazotembea mjini. Pasi yenyewe inakaa hotelini au mfuko wa ndani. Askari akikusimamisha, mpe nakala. Pasi ikishaingia mkononi mwa mtu barabarani, kuitoa huko kunaweza kukugharimu nusu siku na maneno mengi.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na kadi yake huangaliwa kabla ya pasi. Inahesabika baada ya siku 10 tangu kuchomwa, kwa hiyo anayechomwa Jumatatu na kuruka Ijumaa anachezea nauli yake. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, haifanywi upya kila miaka 10. Ikiwa unayo ya zamani iliyoandikwa kwisha muda, bado ni halali kimataifa, lakini hakikisha jina lake na la pasi yanafanana herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wetu hujikwaa. Kadi imeandikwa Mohamed, pasi ni Muhammad, na la babu halimo. Kachome ofisi ya afya ya bandari Mombasa au Nairobi, upewe kitabu cha manjano chenye muhuri na nambari ya dawa. Chanjo hii ni ya kirusi hai, kwa hiyo mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai na aliyevuka miaka 60 akiwa hajawahi kuchomwa waseme na daktari kwanza.

Kuhusu malaria, jivuno la pwani liacheni gatini. "Sisi tumezaliwa na mbu" si dawa. Kinga ya mwili hufifia mtu akikaa miaka bila kuugua, na Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria. Chloroquine haifanyi kazi kule. Kuna doxycycline, kidonge cha miligramu 100 kila siku, unaanza siku 2 kabla ya kufika, unaendelea kila siku ukiwepo, na wiki 4 baada ya kuondoka. Safari ya siku 10 ni vidonge 40: 2, 10 na 28. Meza na chakula na maji ya kutosha, ukae wima nusu saa, maana kikiganda kooni kinachoma. Kinaifanya ngozi ichomeke upesi na jua, na mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 hawapewi. Ukisafiri Ramadhani, kimeze na futari na si na daku, usije ukakimeza na kurudi kulala. Ipo pia atovaquone na proguanil, ghali zaidi lakini fupi, inakwisha siku 7 baada ya kurudi, hivyo safari ile ile ni vidonge 19. Mefloquine ni ya mara moja kwa wiki. Aliyewahi kusumbuliwa na akili au kifafa asiiguse. Chandarua chenye dawa beba chako. Hoteli husema wanavyo, na wanavyo kweli, vyenye matundu.

Noti

Kongo inatumia dola ya Marekani na faranga yake pamoja, mkono kwa mkono. Hoteli, tiketi ya ndege na duka kubwa hutaja dola. Ndizi, maji na pikipiki ni faranga. Dola moja ni faranga zaidi ya elfu mbili, na noti kubwa kabisa ya faranga ni 20,000, kwa hiyo ukibadilisha dola 100 unapewa bunda. Wabadilishaji hukaa pembeni mwa barabara na mabunda yao mezani, huitwa cambiste. Hesabu mbele yake, noti moja moja, kisha usimrudishie bunda "alipange vizuri". Ukilirudisha, hesabu tena.

Noti za dola ndiyo habari kubwa, na msafiri mgeni haamini mpaka yamfike. Noti ikiwa na mchaniko wa milimita chache ukingoni, haipokelewi. Ikiwa na alama ya kalamu, muhuri wa duka la kubadilisha pesa au doa la mafuta, haipokelewi. Ikiwa ya toleo la zamani, haipokelewi au inakatwa thamani. Noti za dola 1 wengi huzikataa kabisa. Sababu ni kwamba mnunuzi wa mwisho wa noti hiyo, benki au mfanyabiashara anayeagiza nje, ataikataa, na hakuna anayetaka kubaki nayo. Kila mtu anaikagua kana kwamba ni yeye wa mwisho. Cha ajabu, faranga zilizochakaa mpaka picha haionekani hupita bila neno.

Kwa hiyo ukinunua dola Malindi, Mombasa au Nairobi, zikague mwenyewe pale dirishani, ukizinyanyua kwenye mwanga, na urudishe usiyoipenda. Mwenye duka atakasirika. Akasirike. Chukua za 100 kwa hoteli, na angalau noti kumi na tano za 5, 10 na 20 kwa mengine. Zibebe zikiwa zimenyooka ndani ya kitabu au bahasha ngumu. Kuzifunga kwenye pindo la kikoi ni kuzipasua.

M-Pesa ipo Kongo, ya Vodacom, na inashika dola na faranga. Si ile yako: laini ya Safaricom haitoi pesa kwa wakala wa Kinshasa. Nunua laini ya Vodacom, Airtel, Orange au Africell. Utasajiliwa kwa pasi. Kadi ya Visa hutoa dola kwenye mashine za benki kubwa, na Mkenya ataona majina anayoyafahamu, maana Equity na KCB zote zimenunua benki kule. Lakini mashine huishiwa, na kadi haikubaliki nje ya hoteli na maduka makubwa. Hesabu safari yako kwa pesa taslimu, kadi iwe ya dharura. Gombe, komyuni ya ofisi na balozi, chumba cha kawaida hupita dola 100 kwa urahisi. Nyumba za wageni za misheni za Kikatoliki, huitwa procure, ni nafuu na safi, na hazimuulizi mtu dini yake. Zinajaa, kwa hiyo piga simu wiki mbili kabla.

Amana

Kwetu msafiri hakatai amana. Jirani analeta kifurushi kilichofungwa kwa gundi, "mpe mwanangu, atakuja kukupokea", na kukataa ni ukavu. Safari hii kataa, au fungueni mbele yake, kitu kimoja kimoja. Aprili 2024 wafanyakazi wawili wa shirika la ndege la Kenya walishikwa Kinshasa na idara ya ujasusi ya jeshi kwa sababu ya hati za forodha za mzigo wa thamani, na shirika likasimamisha safari zake za huko kwa siku kadhaa hadi mambo yalipotengenea. Shirika lina mawakili na serikali nyuma yake. Wewe una nani?

Unaporudi ni vivyo hivyo. Jiwe lolote ghafi kutoka nchi ya shaba na kobalti ni tatizo bila kibali. Pembe za ndovu ni kosa Kongo na ni kosa kubwa zaidi Kenya. Kasuku wa kijivu, yule anayesema, biashara yake imepigwa marufuku kimataifa. Vinyago vya mbao na vitambaa vya raffia vya Wakuba havina neno, ila omba risiti.

Soketi za kule ni za miguu miwili ya duara; plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba haiingii. Nunua adapta mbili, moja itapotea. Umeme hukatika kwa zamu, wenyewe husema délestage, kwa hiyo beba pawabenki ya 20,000 mAh, na iwe mkononi, si kwenye begi la kupakiwa. Nguo za rangi ya jeshi, hata kaptula ya mtoto, acha nyumbani.

Njia ya kutoka

Ndege ndogo za Manda kwenda Wilson huruhusu kilo 15 na hupenda begi laini. Tiketi yako ya Kinshasa inaweza kuruhusu kilo 46, lakini atakayekuhukumu kwanza ni wa Manda. Wilson na uwanja mkubwa wa Nairobi ni viwanja viwili tofauti, na katikati kuna foleni. Usiache chini ya saa 5 baina ya kushuka na kuruka. Ukienda kwa basi kutoka Mokowe, kupitia Witu na Garsen, lala Mombasa au Nairobi usiku mmoja. Anayeunganisha basi na ndege siku hiyo hiyo anategemea vizuizi vyote vimhurumie.

Ndege ya Nairobi hadi Kinshasa ni kama saa tatu na nusu. Saa ya Kinshasa iko nyuma yetu kwa 2: Amu ikiwa saa nane mchana, kwao ni saa sita. Lubumbashi iko nyuma kwa 1 tu, nchi ni moja. Na saa yao inahesabiwa Kifaransa, 14h30, kwa hiyo ukiagana na mtu andika tarakimu, usitamke "saa nane" ukaachia hapo. Mmoja atakuja asubuhi na mwingine mchana.

Uwanja wa N'djili uko kama kilomita 25 kutoka Gombe. Kabla hujafika nje utakutana na watu wanaojiita protocole, wa kukupitisha haraka. Wengine ni wa kweli na wana kazi yao. Tumia yule tu ambaye mwenyeji wako amekutumia jina na picha yake, na bei mkubaliane kabla. Asiye na sare asishike pasi yako. Vocha ya mzigo iweke, kwa sababu mlangoni huilinganisha na namba ya begi, na bila hiyo begi lako si lako.

Madesu ya bana

Kwetu huitwa chai. Kinshasa huitwa madesu ya bana, maharage ya watoto, na jina lenyewe linakuambia kwamba anayeomba hana haya na wala si mbaya sana. Mshahara umechelewa, naye yuko juani tangu alfajiri. Dawa ya kwanza ni salamu. Usianze na haki zako. "Bonjour chef", mkono, habari za kazi, tabasamu. Mzee mwite Papa, mwanamke mwite Mama, hata akiwa na bunduki. Kisha toa nakala. Akisema kuna faini, omba risiti, reçu, na uombe mwende ofisini kulipa. Sema polepole, kana kwamba siku nzima ni yako, maana akijua unawahi ndege, bei imepanda. Mara nyingi atachoka kabla yako. Wanaopandisha sauti hulala kituoni, wakiwa na haki yao yote.

Kamera ndiyo inayopeleka watu ndani. Usipige picha uwanja wa ndege, daraja, jengo la serikali, askari, bandari, wala mto pale Kinshasa, kwa kuwa mto ni mpaka. Hata simu ukiinyanyua kwa video ya nyumbani ni picha. Uliza kabla, au uache.

Siku ya maandamano usitoke. Tarehe 28 Januari 2025, Goma ikiwa inaanguka, waandamanaji wa Kinshasa walivamia balozi kadhaa, wa Kenya ukiwemo. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapohitaji adabu yake, na jambo hili linataka maelezo marefu kidogo.

Kiswahili cha nani?

Kinshasa ni mji wa Kilingala. Kiswahili ni cha mashariki na kusini: Lubumbashi, Kindu, Bukavu, Goma, na Kisangani kwa kuchanganya. Mwaka 1997 majeshi yaliyomwondoa Mobutu yaliingia Kinshasa kutoka mashariki yakiwa na Kiswahili kinywani, na tangu hapo masikioni mwa wengine lugha hii ina harufu ya buti. Vita vya mashariki vikichacha, mgeni anayesema Kiswahili kwa sauti kwenye kizuizi anajitafutia maswali ambayo pasi ya Kenya ingeyafupisha. Barabarani tumia Kifaransa kilichovunjika. Ndani ya duka, ukisikia mwenyewe anazungumza Kiswahili, mwamkie. Mara nyingi atafurahi kuliko ulivyotarajia.

Huko mashariki Kiswahili chao cha zamani kiliitwa Kingwana, na neno hilo ni letu: waungwana. Kilipelekwa na misafara ya pwani karne ya 19, ya kina Tippu Tip, waliokita kambi Nyangwe na Kasongo wakitafuta pembe na watumwa. Amu, muungwana ni sifa. Kule jina lilifika na bunduki na minyororo. Mtu wa pwani anayekwenda Kongo kuwasahihishia watu "batu" kuwa "watu" afikiri mara mbili ni nani aliyewafundisha, na kwa njia gani.

Lubumbashi utaelewana nao siku ya pili. Wanasema batu, bana, muzuri, aksanti. Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, pesa ni franga, maji ni mayi. Hapo mtu wa Amu ana faida ambayo wa Nairobi hana, kwa sababu sisi nasi maji ni mai. Na Kilingala cha Kinshasa maji ni hivyo hivyo, mai. Umevuka bara zima ukakuta neno la nyumbani.

Maneno ya Kilingala yanayotosha siku ya kwanza hayazidi kumi. Mbote ni salamu. Melesi ni asante. Ntalo boni ni bei gani. Mbongo ni pesa, mosika ni mbali, awa ni hapa, na te ukiiweka mwisho wa sentensi ni kukanusha. Nyama ni nyama. Lakini moto ni mtu, na mikate si mikate yetu. Ni vitobosha vya kukaanga, vya mviringo, vinavyouzwa asubuhi pembeni mwa barabara. Ukiwa na hamu ya kaimati utapoa kidogo.

Kula, kuswali, kutembea

Nyama ya Kinshasa usiile kwa kudhani. Mbuzi wa kuchoma, ntaba, ni mtamu, lakini aliyemchinja humjui, na ngulu, nguruwe, yuko jiko hilo hilo. Shika samaki. Liboke ni samaki aliyefungwa kwa majani na kuwekwa juu ya makaa, pilipili na nyanya ndani, na ni chakula cha kumheshimu mgeni. Makayabu ni samaki wa chumvi, anayemfahamu ng'onda atamuelewa. Samaki wa bei rahisi anaitwa thomson, huja na barafu kutoka nje, na mla changu wa Amu hatamshukuru. Pondu ni kisamvu, kwa mawese badala ya tui. Uliza kama kuna nyama ndani, kwa sababu mara nyingi ipo kidogo ya moshi. Kwanga ni muhogo uliochachushwa na kufungwa kwa majani, mgumu, wenye ukali. Siku ya kwanza kula robo. Nyama ya porini, ya nyani hasa, usiiguse hata kama ni halali ya nani: Ebola ilijulikana kwa mara ya kwanza Kongo, Yambuku, mwaka 1976, na imerudi mara nyingi tangu hapo. Maji ya viroba vidogo, eau pure, ni ya kunawia. Ya kunywa nunua chupa yenye kizibo kisichofunguliwa.

Kibla hapa Amu ni kaskazini moja kwa moja. Kinshasa ni kaskazini-mashariki, takriban digrii 42 kwenye dira, na Lubumbashi kama 20. Aliyezoea kufuata mazoea ataswali akielekea Chad.

Magari hupita kulia. Kwa mtu wa Amu, aliyezoea kumpisha punda, hili ni la hatari kuliko mbu: unapovuka, tazama kushoto kwanza. Pikipiki za kukodi huitwa wewa, zinafika popote na kofia hazina. Teksi ndogo za kushirikiana ni nafuu. Usiku chukua ya mtu unayemjua au ya kuagizwa na hoteli. Mvua ikinyesha mji unasimama, kwa hiyo wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, kiangazi chao, mbingu ya kijivu na jua dogo. Joto halizidi la Amu. Kinachokosekana ni kusi, na bila upepo jasho halikauki.

Ukiwa na siku moja ya bure, nenda Lola ya Bonobo nje ya mji, makazi ya sokwe bonobo yaliyoanzishwa na Claudine André. Bonobo wa porini hawapo popote duniani ila Kongo hii. Barabara ya mwisho ni mbaya, toka mapema na gari la juu.

Mto

Mtu wa Amu anajua maji, na ujuzi huo ndio humdanganya. Mto Kongo ni kilomita 4,700, unavuka ikweta mara mbili, na kwa sababu hiyo upande mmoja ukiwa kiangazi mwingine una mvua, haukauki kamwe. Hauna maji kujaa na kupwa ya kuhesabia. Una mkondo, mafungu ya mchanga yanayohama, magogo, na magugumaji yanayoziba rafadha ya injini. Chini ya Kinshasa yanaanza maporomoko, chombo hakishuki hadi baharini. Ndiyo sababu reli ya Matadi ilijengwa, ikafunguliwa 1898.

Juu ya Kinshasa hadi Kisangani ni kama kilomita 1,700, majahazi ya chuma yanayosukumwa, watu juu ya mizigo, wiki tatu au zaidi, bila ratiba. Kuna pia vyombo vya mbao vya injini, baleinière, na hivyo ndivyo vinavyozama. Vinatembea usiku bila taa, vimepakiwa kupita kiasi, na abiria hawana maboya. Kipimo ni kile kile unachokijua: ubavu uliobaki juu ya maji usipofika dhiraa moja, shuka, hata kama umelipa. Boya la kuvaa nunua Mombasa ubebe lako. Na usikoge kwenye maji yaliyotulia ya kandokando, kichocho kipo.

Kurudi

Uwanjani kuna kodi ya kuondoka, Go-Pass, hamsini na kitu dola kwa safari ya nje. Baadhi ya mashirika huiweka ndani ya tiketi, kwa hiyo uliza wakala wako kabla, na weka noti safi za kutosha kando tangu siku ya kwanza, usizile. Ondoka Gombe saa 5 kabla ya ndege. Kilomita 25 zile huweza kukumeza saa 3 mvua ikinyesha. Faranga zilizobaki zimalizie kwenye kahawa na vitambaa, kwa sababu Amu nzima hakuna atakayekubadilishia.

Homa yoyote ndani ya miezi miwili baada ya kurudi usiinywee panadol ukangoja. Nenda hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa daktari, kabla ya jina, liwe kwamba umetoka Kongo. Na ikiwa ulichagua doxycycline, vidonge vilivyobaki begini unaposhuka Manda viwe 28. Vikiwa zaidi ya hivyo, kuna siku ulisahau.